Pete ya Mwanga na Themosi ya Mzee

Kwa miaka miwili nilikuwa nikitoka Sotik kila Jumamosi asubuhi kwenda Kericho kutazama pete. Haikuwa pete ya dhahabu wala ya kuvalika. Ilikuwa duara la mwanga mwekundu kwenye skrini ya kompyuta, na katikati yake palikuwa na giza. Mke wangu alinisindikiza hadi langoni akisema maneno yale yale: "Wanaume wa wenyewe wanapotea wikendi juu ya pombe. Wangu anapotea juu ya taa."

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari. Nilijiandikisha kusoma shahada ya uzamili nikiwa nimekaribia arobaini, umri ambao mtu wa kwetu huanza kushauriwa apunguze miradi. Nilikuwa nimewatangazia walimu wenzangu, wanafunzi wangu na hata mchungaji. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba sikuwa na mahali pa kujificha.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache, ingawa ilinila muda mwingi. Nilitumia hologramu, yaani kipande cha filamu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilichapwa mistari myembamba iliyolala sambamba, kama mistari ya chai kilimani ukiitazama kutoka ng'ambo. Mahali pamoja tu, katikati, mstari mmoja unagawanyika kuwa miwili kama uma. Mwale wa leza ukipita katikati kabisa ya uma huo, unatoka upande wa pili ukiwa umesokotwa. Unasonga mbele huku ukijizungusha, na kwa sababu hiyo mwanga haukai katikati yake. Ndiyo maana unapotua kwenye kamera unaonekana kama pete. Watu wenye maabara kubwa hutumia mwanga wa aina hiyo kushika punje ndogo kuliko vumbi na kuizungusha bila kuigusa. Mimi sikuwa na haja ya kuzungusha chochote. Nilitaka kujua mwale unaweza kukosea katikati ya uma kwa kiasi gani kabla pete haijaharibika.

Jibu ni kwamba unaweza kukosea kidogo sana. Ukihama kwa robo ya unene wa unywele, pete inaanza kuegemea. Upande mmoja unavimba, mwingine unakonda, na ukizidi hapo unabaki na mwezi mchanga badala ya pete. Tasnifu yangu nzima ilikuwa juu ya hiyo robo ya unywele.

Shida ni kwamba namba zangu zilikuwa zikigombana. Asubuhi ningezungusha skrubu ya kusogeza filamu mpaka pete ikae mviringo, niandike namba ya skrubu daftarini, na mambo yaende vizuri. Kabla ya saa tano pete ingekuwa imepinda bila mtu kugusa kitu. Ningeirekebisha, niandike namba mpya, na jioni nayo ingekuwa imekosea tena. Chuo kiliniongezea muda mara moja, kisha kikaandika barua fupi. Mtahini wa nje angekuja mwisho wa muhula, aione pete kwa macho yake na azikague namba. Zikigombana tena, jina langu lingefutwa.

Maabara ilikuwa chumba cha mwisho kabisa chuoni, chini ya paa la mabati. Nyuma ya ua kulikuwa na chai ya shamba kubwa inayoteremka hadi bondeni, na ng'ambo kiwanda ambacho feni zake za kunyausha majani hazikunyamaza mchana kutwa. Kwa sababu ya mtetemo huo niliunda meza kwa mikono yangu. Nilimwaga slabu ya saruji, nikailaza juu ya tyubu nne za gari zilizojazwa upepo nusu, ili ielee. Nilijivunia ile meza kuliko nilivyojivunia nyumba yangu. Leza ilikuwa ya zamani, ndefu kuliko slabu, kwa hiyo niliiweka kando kwenye stendi ya chuma iliyozikwa sakafuni. Filamu na kamera zilikaa juu ya slabu, leza ikakaa chini kwenye stendi yake. Mtu mwingine angeliona kosa hapo hapo. Mimi nilihitaji miaka miwili.

Fundi wa maabara alikuwa mzee wa Kisii aliyebakisha miaka michache astaafu. Aliniita mwalimu, nami nikamwita mzee, na mazungumzo yetu yaliendeshwa hivyo. Alifungua mlango, akawasha mitambo, akafuta vumbi kwa brashi ya rangi iliyokatwa, kisha akaketi karibu na dirisha na gazeti la juzi. Saa nne na saa kumi alitoka kwenda stoo na kurudi na themosi ya lita tatu, nyekundu, yenye maua yaliyoanza kubambuka, na vikombe viwili vya bati. Chai aliipika mwenyewe, maziwa nusu kwa nusu, ikachemka hadi rangi yake ikafanana na matofali. Sisi watu wa huku tunachuma majani, tunayapeleka kituoni, kisha tunayanunua tena dukani yakiwa vumbi kwenye pakiti. Kejeli hiyo tunaijua na haijawahi kutuzuia kunywa.

"Mwalimu, wacha hiyo mashini ipumzike," angesema. "Kuja ukunywe ikiwa moto."

Nami ningekunywa. Natoka Sotik, mpakani na Kisii. Watu wa kwao na watu wa kwetu wamewahi kutazamana vibaya kule, na yeye alijua kama nilivyojua. Huko mtu akikataa chai yako, unabaki hujui kama amekataa chai au amekukataa wewe. Kwa hiyo chai ya mzee sikuwahi kuikataa hata siku moja, hata nilipokuwa na hasira na pete.

Na hasira nilikuwa nazo, kwa sababu kila wiki nilikuwa na mtuhumiwa mpya. Kwanza nililaumu kiwanda. Nikaja siku ambayo kiwanda kilikuwa kimesimamisha mashine, na pete ikapinda vile vile. Kisha nikalaumu mvua. Kericho inanyesha mchana kama mtu anayeripoti kazini, na filamu hufura ikipata unyevu, kwa hiyo maelezo hayo yalipendeza. Nikaifungia filamu kwenye kisanduku chenye chumvi ya kunyonya unyevu. Pete ikapinda saa nne na robo, jua likiwaka. Nikalaumu mabati, kwamba yakipata joto yanavuta ukuta. Nikalaumu skrubu, nikanunua nyingine. Mwisho nikaulaumu mkono wangu, nikawa nabana kiwiko ubavuni nikizungusha skrubu, kama mtu aliyebana kipimajoto kwapani.

Daftari langu lilikuwa na kila kitu. Niliandika joto, mvua, saa, sauti ya kiwanda, lori lililopita, hata siku ambayo paka aliingia. Kila kilichowekwa juu ya slabu nilikiandika na mahali pake. Baadaye nililipitia tena ukurasa kwa ukurasa, na hakuna popote nilipoandika chai. Haikunijia akilini kwamba chai ni kitu kinachowekwa. Kwetu meza ikiwa na watu, chai ipo, na hakuna anayeihesabu.

Jumamosi moja mzee alichelewa. Gesi ilikuwa imeisha na alikwenda kutafuta nyingine mjini. Saa nne ikapita, na pete ikabaki mviringo. Saa nne na nusu bado ilikuwa mviringo. Nilikaa mbele ya skrini nikiogopa hata kukohoa. Mlango ukafunguliwa, mzee akaingia akiomba radhi, akaiweka themosi mahali pake pa kila siku, kwenye pembe ya slabu iliyo karibu na filamu, kwa kuwa ndiyo pembe pekee iliyokuwa tupu. Mbele ya macho yangu pete ikavimba upande wa juu, ikakonda chini.

"Mzee, inua hiyo themosi."

Akainua. Pete ikarudi.

"Weka."

Akaweka. Ikapinda.

"Inua tena."

"Sasa mwalimu, unanipimisha chai?" Alikuwa anacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naona tyubu ikibonyea kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, slabu ikiinama na filamu yangu, na leza ikibaki imesimama pale pale sakafuni. Robo ya unywele ilikuwa imeletwa kila siku saa nne na saa kumi, ikiwa moto, na vikombe viwili.

"Miaka miwili, mzee!" nilimwambia, na sauti yangu ilifika nje. "Miaka miwili hii chai yako imenimaliza! Jina langu linafutwa kwa sababu ya chai! Toa hiyo kitu hapa, na usiwahi kuirudisha!"

Aliichukua themosi kwa mikono miwili, akachukua vikombe, akatoka. Mlango aliufunga polepole.

Nitasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeiweka meza ielee kwenye tyubu na kuiacha leza sakafuni. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu angefanya hivyo ningemkatia alama. Na Jumamosi haikuwa siku ya kazi ya mzee. Alikuwa anakuja kwa ajili yangu tu, kwa sababu siku nyingine nilikuwa darasani, na katika miaka miwili sikuwa nimemuuliza anasafiri kutoka wapi. Yote haya niliyajua kabla hajafika mwisho wa korido. Ningeweza kumfuata. Nilirudi kwenye skrini.

Kuanzia hapo namba zangu zilikubaliana. Pete ilikaa mviringo asubuhi, ikakaa mviringo mvua ikinyesha, ikakaa mviringo nikifunga maabara jioni. Nilirudia vipimo vyote kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata, na kwa Jumamosi tisa sikunywa chochote. Mzee alifungua mlango, akawasha mitambo, akafuta vumbi. "Mwalimu," alinisalimu, na nikamjibu, "Mzee." Kisha alitoka na kuketi kwenye ngazi ya nje, upande wa ua, na gazeti lake. Saa nne nilisikia kifuniko cha themosi kikifunguliwa. Nilisema moyoni kwamba wiki ijayo nitazungumza naye. Kwetu mtu aliyekosa hapigi hotuba. Anakwenda kwa aliyemkosea, anakunywa chai yake, na mambo yanakwisha. Lakini huwezi kwenda kunywa chai uliyoifukuza, na mimi sikualikwa.

Mtahini wa nje alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyevaa sweta nzito kama mtu aliyeonywa juu ya baridi ya Kericho. Alikuwa amekubali kuja Jumamosi. Aliitazama pete kwa muda mrefu. Akaniambia niiharibu, nikazungusha skrubu, ikapinda. Akaniambia niirudishe, ikarudi kwenye namba ile ile. Akarudia mara sita. Kisha akafungua tasnifu yangu, na pembeni yake daftari la zamani.

"Hizi namba mpya ni safi," alisema. "Hizi za zamani ni takataka. Meza ni ile ile, leza ni ile ile, na mtu ni yule yule. Sasa mimi nitaamini vipi kwamba hukuchagua tu zile zinazopendeza?"

"Kulikuwa na uzito kwenye slabu, profesa. Niliuondoa."

"Uzito wa nini?"

Nilitazama ile pembe. Miaka miwili ya themosi ilikuwa imeacha doa la mviringo kwenye saruji.

"Wa chai."

Hakutabasamu. "Nionyeshe. Kama ni kweli, nataka kuona uzito huo huo ukileta kosa hilo hilo. Bila hiyo, mwalimu, siwezi kusaini."

Nilitoka nje. Nilikuwa na mawazo ya kijinga njiani, hatua kumi na mbili tu, kwamba labda ningejaza ndoo maji au ningetumia matofali. Lakini daftari la zamani halikuwa na kosa la matofali. Mzee alikuwa kwenye ngazi, themosi kando yake, na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa mkononi mwake. Kingine kilikuwa kimefunikwa kifudifudi juu ya gazeti.

"Mzee," nilisema, "naomba chai."

Alinitazama.

"Ya kukunywa ama ya kupima?"

"Ya kupima," nilisema. Kisha nikaona aibu. "Zote mbili."

Akamwaga kilichokuwa kikombeni mwake, akainuka. Ndani, alimwamkia mtahini kwa heshima, akavifuta vikombe kwa kitambaa, na bila kuelekezwa akaiweka themosi juu ya lile doa. Pete ikavimba juu, ikakonda chini, kama ilivyofanya miaka miwili. Mtahini akasogeza kiti.

"Imejaa?" akamuuliza mzee.

"Imepungua kikombe moja, madam. Hiyo nilikuwa nimeanza."

"Mimina ingine."

Mzee akammiminia. Akaishika themosi kidogo, akairudisha, na pete ikajivuta kuelekea mviringo, kiasi cha kuonekana. Nikazungusha skrubu mpaka ikakaa sawa, nikasoma namba kwa sauti. Mtahini akaiandika. Kikombe cha pili nikapewa mimi, nikakishikilia mkononi nisiharibu kipimo. Vikombe vikawa vimeisha, basi mzee akajimiminia yake kwenye kifuniko cha themosi. Tukasoma tena.

"Endeleeni," mtahini alisema.

Tuliendelea. Sijawahi kunywa chai kwa bidii kama siku ile. Kila kikombe kilipotoka pete ilisogea hatua ile ile, na mtahini akaweka alama nyingine kwenye karatasi ya michoro. Themosi ilipokuwa tupu alichukua rula, akaiweka juu ya alama, akachora mstari mmoja ulionyooka. Kisha akafungua daftari langu la zamani, akaanza kuzitafuta zile namba takataka. Makosa ya saa nne na robo yaliangukia juu ya mstari, karibu na themosi iliyojaa. Yale ya saa tano na nusu yaliangukia katikati, pale ambapo tungekuwa tumekunywa vikombe vitatu au vinne. Siku zangu zote mbaya zilikuwa pale, zimejipanga.

"Hii ndiyo sehemu bora ya kazi yako," alisema, "na haimo kwenye tasnifu. Iandike. Na kwenye orodha ya vifaa ongeza themosi." Akamgeukia mzee. "Ni ya chuo au ni yako?"

"Ni yangu, madam."

"Basi aandike ni ya nani."

Akasaini. Alipoondoka mvua ilikuwa imeanza, na nilimsindikiza hadi garini nikimfunika kwa mwavuli wangu. Niliporudi mzee alikuwa amevipeleka vikombe kwenye sinki. Nilimwambia aniachie, nikaosha mimi. Nilikuwa nikitafuta la kusema, na likatoka lisilo na maana.

"Ulijuaje leo kuna mgeni, ukabeba vikombe viwili?"

"Sikujua habari ya mgeni." Alikuwa anakausha themosi kwa kitambaa cha maabara. "Hiyo ingine ni yako."

"Ya leo?"

"Ya kila Jumamosi, mwalimu. Naenda nayo, narudi nayo."

Nilikiosha kile kikombe mara ya pili, ingawa kilikuwa safi.

Saa kumi kamili nilikuwa mbele ya skrini nikichukua picha za mwisho za pete, na ilikuwa imekaa mviringo vizuri sana. Mzee aliingia na themosi iliyojaa upya. Alisimama kidogo, akainama kuiweka sakafuni. Niliichukua mikononi mwake, nikaiweka kwenye pembe ya slabu, juu ya doa lake. Pete ikapinda. Nikaiacha hivyo, nikavuta kiti dirishani, akanimiminia.